Kulainisha mwendo wa sedani iliyotoka Japani: shajara ya mradi

Februari: gari lilivyo

Gari ni sedani ya Kijapani, silinda nne, iliyotumika huko Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Kwangu ni mpya. Jina lake na la walioniuzia naliacha, maana nitakayoyaandika yanahusu magari mengi yanayoingia kwa njia hiyohiyo: rimu za inchi 18, matairi yenye ubavu mfupi, na kazi iliyofanywa chini ya gari kabla mnunuzi hajaliona.

Injini imetulia, giaboksi inabadilisha bila kushtua, kiyoyozi kinapoza. Tatizo ni moja: gari ni gumu. Kwenye lami mpya linakwenda vizuri na usukani unajibu haraka, lakini likikuta kiraka, unakisikia kwenye kiti kabla hujakiona kwenye kioo. Nikikata kona kuingia barabara ya vumbi ya kuja nyumbani Goba, milango inatetema, dashibodi inalia, na abiria wa nyuma wanashika vishikio vya juu.

Mama yangu anaishi nasi, na pingili za kiunoni zinamsumbua kwa miaka mingi. Mimi ndiye ninayempeleka kwenye mazoezi ya viungo. Safari ya kwanza na gari hili alikaa kimya mpaka tulipofika, kisha akasema, "Mwanangu, gari ni zuri, hongera. Ila likipita kwenye zile rasta nasikia mpaka kwenye meno." Safari iliyofuata akaomba apande bajaji. Nililinunua gari hili kwa ajili yake kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo kulilainisha si anasa. Ni kazi ambayo lazima ifike mwisho.

Kabla ya kugusa spana nimeugawa ugumu katika mafungu matatu, kwa sababu kila fungu lina wahusika wake. Fungu la kwanza ni mipigo midogo ya haraka: rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo), viraka, changarawe. Hapo washukiwa wakubwa ni matairi na bushi, yaani raba za kwenye viungo vya chini ya gari. La pili ni bodi kurukaruka kwenye lami yenye mawimbi hata ukienda taratibu. Hapo natazama springi na shokapu. La tatu ni kugonga, pale gari linaposhuka kutoka kwenye tuta na ukasikia mshindo mmoja mzito. Maana yake safari ya springi, yaani nafasi yake ya kujibana, imeisha na uzito wote umeangukia kwenye raba ya kikomo, ile raba fupi inayokaa kwenye fimbo ya shokapu.

Upo msingi wa kitaalamu nyuma ya mgawanyo huu, na umenisaidia sana kuelewa malalamiko ya mama. Bodi ya gari la starehe hupanda na kushuka karibu mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Hiyo iko karibu na mwendo wa mtu anayetembea, na mwili umeuzoea. Gurudumu lenyewe, likipigwa na kitu, hutetema kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Katikati ya hapo, karibu mara 4 hadi 8 kwa sekunde, ndipo mtikisiko wa wima unapomuumiza zaidi mtu aliyeketi, na ndiyo sehemu ambayo kiwango cha kimataifa cha ISO 2631 kinaipa uzito mkubwa kinapopima athari za mtikisiko mwilini. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, mwendo wa bodi unasogea kutoka eneo la kutembea kuelekea eneo la maumivu. Kwa hiyo mama hakuwa anadeka.

Nimechagua njia ya majaribio na sitaibadilisha: kipande cha vumbi mbele ya nyumba, rasta za shuleni kwa mwendo wa 30, tuta la kona kwa mwendo wa 20, kisha lami ya kuelekea Mbezi. Simu naifunga kwenye reli ya kiti cha nyuma kwa utepe wa gundi, ikiwa na programu ya kupima mtikisiko. Programu hizi si mizani ya maabara, lakini kwa kulinganisha jana na leo kwenye gari lilelile zinatosha. Sharti la pili: kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikibadilisha matairi na shokapu siku moja sitajua kilichosaidia ni kipi, na hela yangu haitoshi kubahatisha.

Februari, Jumamosi alfajiri: upepo

Nimeanza na kisicho na gharama. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kipo kibandiko cha kiwandani. Maelezo ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka na mtu yeyote: saizi mbili za matairi, 215/60R16 na 225/45R18 (namba ya mwisho ni inchi za rimu), na upepo wa 230 kPa. kPa na psi zote ni vipimo vya mgandamizo wa upepo; geji nyingi za hapa zinasoma kwa psi, na 230 kPa ni karibu psi 33.

Nilipima kabla jua halijatoka na kabla gari halijasogea. Geji ilisoma kati ya 42 na 44 kwenye matairi yote manne. Nikapima tena kwa geji ya jirani, jibu likawa lilelile. Mtaani kwetu mafundi pancha wamezoea kujaza 40 kwa kila gari linalosimama, na magari yaliyosafirishwa kwa meli mara nyingi hufika yakiwa yamejazwa zaidi. Vyovyote ilivyokuwa, upepo ulikuwa umezidi kwa karibu 30%, na ugumu wa tairi unapanda karibu sambamba na upepo uliomo.

Nimetoa upepo hadi 33. Nikazunguka njia yangu ya majaribio. Rasta zimepungua ukali, hilo halina ubishi: kilele cha mtikisiko kwenye simu kimeshuka, na ule mlio wa dashibodi kwenye changarawe umebaki nusu. Lami yenye mawimbi haijabadilika. Tuta la kona bado linarusha vilevile.

Nawaomba sana wanaofuata shajara hii wasishuke chini ya namba ya kibandiko kwa kutafuta ulaini. Nimesikia watu wakishauri psi 26. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kwenye ubavu kila mzunguko, linapata joto, na kwenye safari ndefu ya mchana linaweza kupasuka likiwa na familia ndani. Pimeni asubuhi likiwa baridi, kwa sababu joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi upepo unapanda kati ya psi 1 na 2, na upande uliopigwa na jua utasoma tofauti na upande wa kivulini. Na mnunue geji yenu. Geji ya mtu mwingine hamjui imeangushwa mara ngapi.

Machi mwanzoni: matairi kwenye karatasi

Nimeinama na tochi kusoma ubavu wa matairi. Tarakimu nne za mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3417, yaani wiki ya 34 ya mwaka 2017. Kashata, ile raba ya juu inayokanyaga barabara, bado nene, ukitazama kwa haraka utasema ni mapya. Lakini raba inakauka kwa umri hata isipotembea, na kwenye mifereji kuna nyufa nyembamba kama unywele. Ukibonyeza kwa kucha, haikubali.

Hesabu ya ubavu ni rahisi na inafaa kila mtu aijue. Kwenye 225/45R18, ubavu ni 45% ya milimita 225, yaani milimita 101. Kwenye 215/60R16 ni 60% ya 215, yaani 129. Hiyo ni karibu sentimita 3 zaidi za raba na upepo kati ya rimu na shimo. Kimo kizima cha gurudumu kinatoka milimita 660 kwenda 664, tofauti isiyofika 1%, kwa hiyo spidi mita haitadanganya na gari halitashuka. Uwezo wa kubeba nao haupungui: matairi yangu ya sasa yana alama 91, ambayo ni kilo 615 kwa tairi, na 215/60R16 ya kawaida ina 95, ambayo ni kilo 690.

Nimekagua pia kama ni yale matairi yanayoweza kukimbia bila upepo. Si hayo. Lakini wenye magari ya Kijerumani yaliyotoka na matairi ya aina hiyo watazame kwa makini, kwa sababu ubavu wake umeimarishwa uweze kubeba gari hata upepo ukiisha, na ugumu mwingi unaanzia hapo. Ukiyaondoa ukafunga ya kawaida, kumbuka magari hayo mara nyingi hayana tairi la akiba kwenye buti.

Matairi na rimu ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwenye mradi huu, kwa hiyo yatangoja. Nataka kwanza nijue chini kuna nini.

Machi mwishoni: chini ya gari

Mvua zimeanza na barabara yetu imechimbika, wakati mzuri wa kuona gari linavyoteseka. Nimelipeleka kwa fundi ninayemwamini, mtu mzima aliyetengeneza daladala nusu ya maisha yake. Tumelipandisha juu, magurudumu ya nyuma tukayatoa.

Ilikuwa wazi ndani ya dakika moja. Kwenye kila springi ya nyuma, kati ya mizunguko ya chuma, zimebanwa raba mbili ngumu nyeusi zenye mfereji, zimefungwa kwa kamba za plastiki. Kwenye gari hili springi ya nyuma imekaa peke yake pembeni ya shokapu, kwa hiyo kuzichomeka ni kazi ndogo. Chuma cha springi kilikuwa na vumbi la zamani, la kijivu na lililogandamana. Raba zilikuwa nyeusi na safi, bado zina alama za chaki. Zilifungwa hapa nchini, muda mfupi kabla gari halijaonyeshwa kwa mteja.

Fundi akazigonga kwa kishikio cha bisibisi. "Bosi, hizi ndizo zilizolinyanyua gari. Wanaweka ili mteja akija na familia yake lisiguse chini."

Nia yenyewe naielewa. Barabara zetu zinamtisha kila mwenye sedani, na gari lililosimama juu nyuma linauzika haraka. Lakini springi inakuwa laini kwa sababu mizunguko yake yote inajisokota. Ugumu wake unakwenda kinyume na idadi ya mizunguko inayofanya kazi: springi yenye mizunguko 6, ukiufunga mmoja zikabaki 5, ugumu unapanda kwa 20%. Ukifunga miwili, unapanda kwa 50%. Gari halikunyanyuliwa tu, limebadilishwa tabia. Kwa ugumu ulioongezeka kwa 50%, bodi iliyokuwa ikipanda na kushuka mara 1.3 kwa sekunde itafanya hivyo karibu mara 1.6. Na nyuma ndiko mama anakokaa.

Kuna madhara mengine yasiyosikika haraka. Mizunguko iliyobaki huru inafanya kazi ya ile iliyofungwa, na raba inakwangua rangi ya chuma pale ilipobana. Kutu ikianzia hapo, springi inakatika hapohapo.

Kabla ya kuzitoa nimepima kimo cha gari: kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, likiwa kwenye sakafu tambarare na tangi likiwa nusu. Kipimo cha kutoka ardhini hakifai, kwa sababu upepo wa tairi unakiingilia.

Aprili: raba nje

Tumekata kamba, tukamimina maji ya sabuni, tukazisokota raba moja baada ya nyingine mpaka zikatoka. Nyuma imeshuka karibu sentimita 2. Springi zote mbili zimekaa sawa kulia na kushoto, hazijachoka.

Njia ya majaribio, mimi peke yangu ndani ya gari: tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Kwenye lami ya mawimbi bodi inapanda na kushuka kwa utulivu, haina ile haraka. Kipande cha vumbi nimekipita kwa mwendo wa kawaida na chupa ya maji iliyosimama kwenye kishikio haikuruka. Mama amepanda, akafika, akasema, "Leo umelitengeneza." Sikumjibu mengi, lakini siku nzima nilikuwa na furaha.

Siku chache baadaye tulikuwa watu watano na magunia mawili ya mkaa kwenye buti. Tuta la kona, mwendo uleule wa 20. Likagonga nyuma mshindo mzito mpaka mdogo wangu akageuka kutazama kama kuna kitu kimeanguka. Fungu la tatu sasa liko peke yake mezani, na hilo ni jambo jema kwa uchunguzi: raba zile zilikuwa zinaficha udhaifu mwingine.

Mei mwanzoni: kijikamba kwenye fimbo

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Fundi amesukuma juu kifuniko cha vumbi cha shokapu ya nyuma, nami nikafunga kijikamba cha plastiki, kile cha kufungia nyaya, kuzunguka fimbo yake inayong'aa. Nikakibana kiasi cha kuweza kusogea kikisukumwa, nikakitelezesha chini mpaka kikagusa kichwa cha shokapu. Gari likishuka, shokapu inameza fimbo na kijikamba kinasukumwa juu. Likirudi, kijikamba kinabaki pale kilipofikishwa. Umbali kati yake na kichwa cha shokapu ndiyo safari iliyotumika.

Nikiwa peke yangu, kijikamba cha kulia kilisimama chini ya raba ya kikomo, na nafasi ya vidole viwili ilibaki. Tukiwa na mzigo, kiliingia mpaka ndani ya raba. Na raba yenyewe nilipoigusa kwa kidole ikameguka, unga wa njano ukabaki mkononi. Zile ni raba za povu la poliyurethani, zinazotakiwa kujibana polepole na kupokea uzito kwa upole mwishoni mwa safari. Hii ilikuwa imebaki kipande kigumu chenye urefu wa gololi mbili. Upande wa kushoto haikuwapo kabisa, na shokapu ya upande huo ilikuwa imelowa oili iliyoshika vumbi kuanzia kichwani mpaka katikati.

Hapa ushauri ulinijia kutoka kila upande, kwa nia njema yote. Mmoja alisema zirudishwe raba za springi. Mwingine alisema shokapu itobolewe, imwagwe oili, ijazwe mpya na kuchomelewa. Nimekataa, kwa sababu shokapu ya gesi ikishatobolewa mgandamizo wake umekwenda, na kuchomelea chombo chenye oili ni hatari kwa fundi mwenyewe. Wa tatu alisema nifunge shokapu za michezo kwa kuwa "ni imara". Ni imara kweli, lakini zimetengenezwa kuzuia bodi isilale kwenye kona za kasi, nazo zinazuia kwa nguvu hata kwenye rasta. Mimi nabeba mgonjwa wa kiuno.

Nimekwenda Gerezani, Kariakoo, na shokapu ya zamani mkononi ili tulinganishe urefu, tundu la chini na unene wa fimbo. Nimenunua jozi ya aina ya kawaida kwa namba ya kipuri cha toleo la rimu 16, pamoja na raba mpya za kikomo na vifuniko vya vumbi. Shokapu zinabadilishwa mbilimbili, kulia na kushoto, la sivyo pande mbili hazifanyi kazi sawa. Na wengi hununua shokapu wakasahau raba ya kikomo, wakati bei yake ni sehemu ndogo tu ya shokapu yenyewe.

Watu watano, mkaa uleule, tuta lilelile: gari limeshuka, limejaza raba taratibu, limerudi juu mara moja na kutulia. Hakuna mshindo.

Mei mwishoni: bushi za mbele

Nyuma ikishakuwa laini, ugumu wa mbele unaonekana. Kwenye viraka usukani bado unapokea vipigo vikavu, na kimo cha mbele nilichopima kilikuwa juu kidogo ya nilichotegemea ingawa hakuna raba wala spesa (kipande cha kunyanyulia) yoyote.

Chini ya gari tumekuta bushi za mikono ya chini zimesokotwa. Bushi hizi ni raba iliyogandishwa kati ya mikebe miwili ya chuma. Haizunguki kama beringi. Mkono unapopanda na kushuka, raba inajisokota na kurudi. Fundi akibana bolti zake magurudumu yakiwa yananing'inia, sehemu ya katikati ya bushi inafungwa kwenye pembe hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa chini, raba tayari imekamuliwa kama nguo kabla safari haijaanza. Inalisukuma gari juu, inaongeza ugumu wake kwenye wa springi, na inachanika mapema. Yaliyofungwa hivyo ni mengi sana, kwa sababu kubana bolti gari likiwa juu ndiyo njia rahisi: mikono inafika, spana inageuka.

Niliongea na fundi kwa heshima, kwani ni mkubwa wangu na anaijua kazi. Nikamwomba tufungue bolti zile magurudumu yakiwa yamebeba uzito. Akafikiri, akasema, "Tuliegeshe kwenye shimo la kukagulia." Tukaliingiza, akashuka chini yake, akalegeza bolti ya kwanza. Ukasikika mlio mfupi wa chuma, na mbele ya macho yangu ukingo wa madigadi ukashuka, milimita chache lakini ukiwa umeinama pale unaona. Bolti ya upande wa pili, vivyo hivyo. Fundi akatoka shimoni akiwa na vumbi kichwani, akasema, "Kumbe lilikuwa linajibeba kwa raba."

Bushi moja ilikuwa imepasuka, tukabadilisha zote mbili za nyuma ya mkono. Duka lilikuwa na za poliyurethani ngumu pia, zinazosifiwa kwa kudumu. Nimechukua za raba. Ile ngumu inaweza kudumu kuliko raba, lakini inapeleka kila kokoto kwenye bodi. Bolti zimebanwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, watu wawili wakiwa wameketi mbele, kwa spana ya kupimia mkazo. Baada ya hapo alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, kwa sababu kimo kimebadilika.

Kwenye viraka, usukani umetulia. Kati ya kazi zote hii ndiyo iliyogharimu kidogo zaidi baada ya upepo, na karibu hakuna anayeitaja.

Juni: rimu za 16

Hela imepatikana. Nimepata rimu za kiwandani za inchi 16 zilizotumika, matundu 5. Kabla ya kulipa tumefanya mambo mawili: tumezungusha kila moja kwenye mashine ya balansi tuone kama imepinda, na tumeifunga moja mbele bila tairi na kuizungusha kwa mkono kuona kama inagusa kalipa ya breki, kile chuma kinachoshika pedi. Imepita, nafasi inatosha kidole. Matoleo mengine ya michezo yana diski kubwa na rimu ya 16 haiingii kabisa, kwa hiyo jaribio hili lisirukwe.

Matairi ni mapya, 215/60R16, na nimesoma tarehe za yote manne dukani kabla hayajavalishwa. Upepo psi 33.

Rasta za shuleni sasa zinasikika kama sauti kuliko kama kipigo. Kwenye simu, kilele cha mtikisiko ni chini ya nusu ya kile cha Februari. Ukweli mwingine pia niuandike: kona za haraka zimepoteza ule ukali, usukani unachelewa kidogo kujibu, na gari linaonekana la kawaida, halina ile sura ya maonyesho. Kijana wangu amesikitikia rimu kubwa. Mimi sisikitiki hata kidogo.

Julai: Morogoro

Kilomita karibu 190, mama kiti cha nyuma upande wa kushoto, mto mdogo kiunoni. Kibaha, Mlandizi, Chalinze. Malori yameikunja lami sehemu nyingi na kutengeneza mifereji, na matuta ya vijijini yapo kila baada ya kitambo. Tulisimama Chalinze kunywa chai na kumnyoosha miguu, kwa sababu hakuna shokapu inayoondoa haja ya mgonjwa wa mgongo kusimama. Kuanzia Mikese alilala. Tulipofika alishuka mwenyewe, akashika mlango, akasimama wima, akauliza dada yake anakaa nyumba ipi.

Vijikamba nilivikagua jioni hiyohiyo. Nyuma kulia na kushoto vimesimama sawa, ndani kidogo ya raba, palepale vinapotakiwa kufika kwenye tuta kubwa.

Yaliyobaki

Maunti za juu (vishikizo) za shokapu za mbele zina mlio mdogo usukani ukigeuzwa gari likiwa limesimama, nimeagiza jozi. Stabilaiza linki ya kulia, kifimbo cha mfumo unaozuia bodi isilale kwenye kona, imeanza kulegea na inasikika kwenye changarawe. Kimo cha mbele nitakipima tena bushi mpya zikishazoea, kisha alaimenti irudiwe. Raba nne za springi zimo kwenye mfuko gereji. Fundi ameomba azichukue awaonyeshe vijana anaowafundisha, na Jumatatu nampelekea.